Piga hodi au piga mbiu: kuchagua kati ya mfumo wa maombi na mfumo wa matukio

Abiria amechagua kiti namba 14, amebonyeza "Lipa", na sasa anakodolea macho kiduara kinachozunguka kwenye skrini. Nyuma ya kiduara hicho kuna kazi sita: kushika kiti kisiuzwe kwa mwingine, kuchukua malipo, kutoa tiketi, kumtumia abiria ujumbe wa simu, kuingiza mapato kwenye hesabu, na kuongeza moja kwenye takwimu za safari. Je, kiduara kizunguke mpaka zote sita ziishe?

Zipo njia mbili kuu za programu moja kuifikia nyingine. Ya kwanza ni kubisha hodi: unakwenda mlangoni pa huduma unayoijua, unaomba, unasimama hapo hapo mpaka uitikiwe. Ya pili ni kupiga mbiu: unatangaza kwamba jambo fulani limetokea, kisha unaendelea na shughuli zako, na anayehusika akisikia atajua la kufanya. Ya kwanza ndiyo mfumo wa maombi na majibu. Ya pili ndiyo mfumo wa matukio.

Watu wengi huzilinganisha kana kwamba moja ni ya kizamani na nyingine ya kisasa, halafu wanachagua moja kwa mfumo mzima. Nimejenga kwa zote mbili na nimezijutia zote mbili. Siku hizi nikichora masanduku na mishale naamua mshale mmoja baada ya mwingine, na kila mshale naupa swali lile lile: anayeuliza atafanya nini tofauti akipata jibu sasa hivi? Kwa kiti, jibu linajulikana: kikiwa kimeshachukuliwa, abiria achague kingine. Kwa takwimu, hakuna atakachofanya tofauti. Mshale wa kwanza ni hodi, wa mwisho ni mbiu, na kazi ngumu iko kwa ile ya katikati.

Mlangoni

Uzuri wa hodi ni kwamba msimbo wake unasomeka kama barua, kutoka juu hadi chini. Shika kiti, kikikataliwa, rudisha kosa. Chukua malipo, yakikataliwa, achia kiti. Mtu aliyeajiriwa juzi anafungua faili moja na kuiona safari nzima ya tiketi. Kosa likitokea, linajitokeza pale pale, pamoja na orodha ya nani alimwita nani. Usilidharau jambo hilo. Utalikumbuka kwa uchungu siku utakapokuwa unatafuta tukio lililopotea, saa nane usiku, katika kumbukumbu za huduma nne zenye saa zisizolingana.

Ubaya wake uko kwenye hesabu. Huduma inayokuwa hai asilimia 99.9 ya muda hulala takriban dakika 43 kwa mwezi wa siku 30, na hilo linavumilika. Lakini panga huduma tano za aina hiyo kwenye mnyororo ambao mmoja akilala wote wanakwama, kila moja ikilala kwa wakati wake. Zidisha 0.999 mara tano, unapata karibu 0.995, na dakika 43 zimegeuka saa tatu na nusu na ushee. Hakuna aliyezembea. Ni mnyororo tu. Muda wa kungoja nao hujumlishwa: malipo yakichukua milisekunde 900 na mtoa huduma wa ujumbe wa simu akachukua 600, abiria anazingoja zote.

Kisha kuna kichekesho ambacho nimekikuta zaidi ya mara moja. Ujumbe wa simu umegoma kutoka, basi ombi zima linarudi na kosa. Yaani mfumo unamwambia abiria: pesa tumepokea, kiti ni chako, ila kwa kuwa tumeshindwa kukutumia habari hizo, hesabu kwamba umeshindwa. Mshale wa namna hiyo haukustahili kuwa hodi tangu siku ya kwanza.

Dawa ya haraka ambayo kila mtu hujaribu ni kurudia ombi. Ina sumu yake. Ngazi tatu za huduma, kila moja ikijaribu mara 3 kabla ya kukata tamaa, hugeuza ombi moja la juu kuwa hadi maombi 27 kule chini kabisa, na yote yanamwangukia yule yule aliyekuwa ameshazidiwa. Ukirudia, rudia katika ngazi moja tu, ongeza muda kati ya jaribio na jaribio, na uchanganye muda huo kidogo ili wote wasirudi kwa mpigo.

Uwanjani

Sasa tuitazame mbiu. Huduma ya tiketi inatangaza TiketiImetolewa, basi, imemaliza. Huduma ya ujumbe wa simu inasikiliza, hesabu inasikiliza, takwimu inasikiliza, kila moja kwa mwendo wake. Mwezi ujao kitengo cha usalama kitataka orodha ya abiria wa kila safari. Kitaongeza msikilizaji wake bila mtu kugusa hata mstari mmoja wa huduma ya tiketi.

Kwangu hii ndiyo faida kubwa, kuliko kasi ambayo husifiwa sana. Mwelekeo wa kujuana umegeuzwa. Kwenye hodi, mwenye habari analazimika kuwajua wote wanaoihitaji, na orodha hiyo hurefuka kila robo ya mwaka. Kwenye mbiu, anayeihitaji habari ndiye anayemjua mwenye nayo.

Kiswahili chenyewe kinatupa kipimo kizuri hapa. Tukio hutajwa kwa -me-: KitiKimeshikwa, MalipoYamepokelewa, TiketiImefutwa. Limekwisha kutokea, hakuna wa kulikataa. Amri hutajwa kwa kuamrisha: TumaUjumbe, RudishaPesa. Ukikuta "tukio" limepewa jina TumaUjumbe, ujue anayelitoa anamfahamu anayelipokea na anamtarajia afanye kazi fulani. Hiyo ni hodi iliyovaa kanzu ya mbiu. Hakuna ubaya kuiweka kwenye foleni, maana amri nyingi hupumua vizuri zikikaa foleni, lakini usijidanganye kwamba umeshazitenganisha huduma hizo mbili. Mmoja akibadilika, mwenzake bado ataumia.

Faida ya pili ni kuvumilia mafuriko, na hii watu huielewa nusu. Tuseme siku ya kufungua mauzo yanaingia matukio 120 kwa sekunde na msikilizaji anamudu 100. Kwenye hodi, maombi 20 kila sekunde yanakataliwa au wote wanapunguziwa mwendo. Kwenye mbiu, yale 20 yanasimama foleni. Baada ya saa moja yamefika 72,000. Mafuriko yakishuka hadi 90 kwa sekunde, nafasi ya ziada ni 10 tu, kwa hiyo rundo litaisha baada ya sekunde 7,200: saa mbili nzima za foleni isiyokauka. Hata hivyo tukio lililoingia mwishoni mwa ile saa ya kwanza halingoji saa mbili. Linatanguliwa na 72,000, msikilizaji anakula 100 kwa sekunde, kwa hiyo zamu yake inafika baada ya sekunde 720, yaani dakika 12.

Namba hizo mbili huchanganywa sana kwenye vikao, na uamuzi unategemea ile ya pili. Dakika 12 kwa takwimu si kitu. Dakika 12 kwa ujumbe wenye tiketi ni mtu aliyesimama mlangoni pa gari akiwa hana cha kuonyesha. Foleni haimwongezei msikilizaji nguvu, inamwazimia muda, na ni lazima ujue muda huo anaukopa nani.

Kinachouma

Kundi nililofanya nalo kazi lilikuwa na msikilizaji wa ujumbe wa simu. Alichukua tukio kwenye foleni, akamwita mtoa huduma, akipata jibu anathibitisha kwa foleni kwamba kazi imekwisha. Tulikuwa tumeweka sekunde 30: asipothibitisha ndani ya muda huo, foleni ihesabu amekufa na impe mwingine. Jioni moja mtoa huduma akaanza kujibu kwa sekunde 40. Ujumbe ulikuwa unatoka, ila jibu linachelewa. Foleni ikampa tukio msikilizaji wa pili, naye akatuma, naye akachelewa. Wa tatu. Wa nne. Abiria mmoja alitupigia simu kutuarifu kwamba ameshapata tiketi yake mara kumi na moja, na je, anaweza kuwapa jamaa zake zilizobaki.

Tulicheka, mpaka mmoja wetu alipokumbuka kwamba msikilizaji wa kurudisha pesa ameandikwa kwa mtindo huo huo.

Chanzo chake ni cha zamani kuliko kompyuta nyingi zinazotumika leo. Ukituma ujumbe na usipate uthibitisho, huna njia ya kujua kama ujumbe ulipotea njiani au uthibitisho ndio uliopotea. Ndilo fumbo la majemadari wawili, lililoelezwa mwaka 1975 na kupewa jina hilo na Jim Gray, mtaalamu wa hifadhidata, mwaka 1978. Kwa hiyo unachagua: usirudie, ukubali kwamba mengine yatapotea, au urudie, ukubali kwamba mengine yatafika zaidi ya mara moja. Kafka, programu ya kubeba matukio nitakayoirudia chini, tangu toleo la 0.11 la mwaka 2017 ina uwezo wa kuhakikisha kila tukio linahesabiwa mara moja tu, lakini ahadi hiyo inahusu kazi inayosomwa kutoka Kafka na kuandikwa Kafka. Ujumbe wa simu ukishaondoka kwenda kwa mtoa huduma wa nje, Kafka haina mkono wa kuurudisha.

Tulichofanya ni kuweka jedwali dogo kwenye hifadhidata ya kila msikilizaji. Lina safu mbili tu zenye maana, kitambulisho cha tukio na jina la msikilizaji, na jozi hiyo haikubali kurudiwa. Tukio likifika, muamala (hatua za hifadhidata zinazofaulu zote au kutenguliwa zote) unafunguliwa, kitambulisho kinaingizwa kwanza. Kikikataliwa kwa kuwa kimo, tukio linathibitishwa na kutupwa. Kikikubaliwa, kazi inafanywa na muamala unafungwa. Kwa hesabu na takwimu, ambazo kazi yao yote imo ndani ya hifadhidata hiyo hiyo, marudio yalikoma siku ile ile. Kwa kazi inayotoka nje, jedwali peke yake halitoshi: mpe mtoa huduma kitambulisho kile kile ili naye akatae marudio, na kama hana uwezo huo, chagua kwa kujua ni lipi nafuu, kutuma mara mbili au kutotuma kabisa.

Pengo jingine limejificha upande wa anayetangaza. Huduma ya tiketi huandika tiketi kwenye hifadhidata, kisha inapiga mbiu. Seva ikizimika katikati ya hatua hizo mbili, tiketi ipo na hakuna aliyesikia. Ukizigeuza, utatangaza tiketi ambayo haikuwahi kuandikwa. Suluhisho linalotumika sana ni sanduku la barua zinazotoka: tukio linaandikwa kwenye jedwali la hifadhidata hiyo hiyo, ndani ya muamala ule ule wa tiketi, na mchukuzi wa pembeni analichukua na kulitangaza. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, maneno SKIP LOCKED yaliyoingia na toleo la 9.5 mwaka 2016 huwawezesha wachukuzi kadhaa kufanya kazi bila kugombania safu moja. Programu kama Debezium huenda mbali zaidi na kusoma kumbukumbu za ndani za hifadhidata yenyewe, hivyo huhitaji kuuliza jedwali kila baada ya sekunde. Ningeanza na mchukuzi wa kawaida. Debezium ni mtambo mwingine wa kulea. Na angalia: mchukuzi naye anaweza kufa akiwa ametangaza lakini hajaweka alama, kwa hiyo marudio yako pale pale na lile jedwali dogo bado unalihitaji.

Kuna uchungu mwingine ambao wahandisi huusahau kwa sababu hauonekani kwenye kumbukumbu za seva. Abiria amelipa, anafungua ukurasa wa "Tiketi zangu", hakuna kitu. Ukurasa ule unajazwa na msikilizaji ambaye yuko nyuma sekunde nne. Abiria anafanya nini? Ananunua tena. Kwa hiyo kila unapogeuza hodi kuwa mbiu, nenda ukamwangalie mtu aliye mbele ya skrini. Mwonyeshe "inashughulikiwa" pamoja na namba ya ombi lake, au ukurasa huo usome moja kwa moja kutoka kwa huduma ya tiketi yenyewe.

Kuhusu ufuatiliaji nitasema sentensi moja: kila ombi lipewe namba linapoingia mlangoni, namba hiyo isafiri ndani ya kila tukio linalozaliwa nalo, na iandikwe kwenye kila mstari wa kumbukumbu, tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuiongeza baadaye ni adhabu.

Ngoma isiyo na kiongozi

Safari ya tiketi ina hatua zinazotegemeana, na moja ikishindwa zilizotangulia zitenguliwe: malipo yakikataliwa, kiti kiachiwe. Kwenye hifadhidata moja hilo ni kazi ya muamala. Kwenye huduma nyingi, wazo linalotumika ni la watafiti Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem, ambao mwaka 1987 walieleza "saga": mlolongo wa miamala midogo, kila mmoja ukiwa na mwenzake wa kuutengua.

Saga inaweza kuchezwa bila kiongozi. Huduma ya malipo inasikia KitiKimeshikwa na kuanza kazi. Huduma ya viti inasikia MalipoYamekataliwa na kuachia kiti. Kila mchezaji anasikiliza ngoma na kujua hatua yake. Au inaweza kuwa na kiongozi: huduma moja inayojua hatua zote, inayotoa amri, inayoandika imefika wapi, na inayoamua la kufanya mambo yakiharibika.

Bila kiongozi panapendeza sana mwanzoni. Hatua mbili, hatua tatu, raha tupu. Kisha meneja anauliza, "Tiketi hii imekwama wapi?" na hakuna huduma hata moja yenye jibu. Mpangilio wa kazi haujaandikwa popote. Umetawanyika kwenye vichwa vya wasikilizaji, na kuubadilisha ni kubadilisha huduma tano kwa siku moja. Msimamo wangu: mlolongo wenye pesa ndani, au wenye hatua zaidi ya tatu, upewe kiongozi. Wanaosema kiongozi huua uhuru wa huduma wana hoja, lakini wengi wao hawajawahi kulijibu lile swali la meneja. Mambo ya pembeni, kama ujumbe, takwimu na orodha za usalama, yabaki kwenye mbiu bila kiongozi, kwa sababu yakishindwa hayatengui chochote.

RabbitMQ, Kafka, au jedwali ulilonalo

Ukishaamua kutangaza, unahitaji dalali wa kubeba mbiu. Majina mawili hujitokeza kila mara. RabbitMQ ilitoka mwaka 2007, imeandikwa kwa lugha ya Erlang, na ilikulia kwenye AMQP, itifaki ya kubadilishana ujumbe. Kafka ilizaliwa LinkedIn na msimbo wake ukafunguliwa kwa wote mwaka 2011. Hufananishwa kama vile ni aina mbili za kitu kimoja, na hapo ndipo uchaguzi hupotoka. RabbitMQ ni posta: barua ikipokelewa na kusainiwa, imetoka mikononi mwao. Kafka ni daftari: kila tukio huandikwa chini ya lililotangulia, na kila msomaji huweka alama yake mahali alipofikia. Daftari hilo hukatwa vipande, na kila kipande huitwa kigawanyo.

| | RabbitMQ | Kafka |
|---|---|---|
| Ujumbe uliokwisha kushughulikiwa | hufutwa ukithibitishwa | hubaki mpaka muda wake uishe. Chaguo-msingi ni saa 168 |
| Msikilizaji aliyeongezwa leo | anaanza na yajayo | anaweza kuanza na ya zamani yaliyohifadhiwa |
| Mpangilio | wa foleni, ila huvurugika wasikilizaji wakiwa wengi au ujumbe ukirudishwa | hulindwa ndani ya kigawanyo kimoja tu |
| Kuongeza wafanyakazi | ongeza unavyotaka | katika kundi moja, wanaofanya kazi hawazidi idadi ya vigawanyo |
| Ujumbe mmoja ulioshindikana | unaweza kuwekwa foleni ya pembeni, wengine wakapita | usipouandikia utaratibu, waliomo nyuma yake kwenye kigawanyo wanangoja |

Mstari wa mwisho ndio uliowahi kunigharimu usingizi. Tukio moja lenye tarehe iliyoandikwa vibaya liliingia kwenye kigawanyo, msikilizaji akaanguka, akainuka, akalisoma tena, akaanguka. Kila lililokuwa nyuma yake lilisimama, huku vigawanyo vingine vikiendelea kwa furaha, na grafu ya jumla ikionyesha kila kitu shwari. Tangu hapo natazama umbali wa msomaji kutoka mwisho wa daftari kwa kila kigawanyo, kamwe si wastani.

Suala la kigawanyo linataka umakini wa pekee. Kafka hutumia ufunguo wa tukio kuamua liende kigawanyo kipi. Ukitumia namba ya safari kama ufunguo, matukio yote ya safari moja yatakaa kwa mpangilio, KitiKimeshikwa hakitapitwa na KitiKimeachiwa. Lakini safari inayogombaniwa na watu wote itakilemea kigawanyo kimoja huku vingine vikipiga miayo. Ukitumia namba ya tiketi, mzigo unasambaa vizuri, ila mpangilio unabaki ndani ya tiketi moja. Mimi ningechukua tiketi, kisha ulinzi wa kiti niuache kwa hifadhidata, mahali pake. Na ukiongeza idadi ya vigawanyo baadaye, funguo huhamia kwingine, kwa hiyo mpangilio wa kati ya matukio ya zamani na mapya haulindwi tena. Fikiria idadi hiyo mapema.

Mpaka kati ya hizo mbili unazidi kufifia. RabbitMQ iliongeza mitiririko ya mtindo wa daftari kwenye toleo la 3.9 mwaka 2021, na Kafka 4.0 ya mwaka 2025, mbali na kuachana kabisa na ZooKeeper, programu ya pembeni iliyokuwa ikiratibu seva zake, ilianza majaribio ya kusoma kwa mtindo wa foleni. Bado ningechagua kwa asili yake: amri na kazi za kugawana, RabbitMQ, historia ambayo wasikilizaji wa kesho watataka kuisoma upya, Kafka.

Chaguo la tatu halina mashabiki wengi, nalo ndilo ninalolipendekeza kwa vikundi vingi vidogo. Kama mfumo wako ni programu moja yenye hifadhidata moja, lile sanduku la barua zinazotoka linatosha kuwa foleni yenyewe. Wasikilizaji ni vipande vya programu hiyo hiyo vinavyosoma jedwali. Unapata kutenganisha kazi, unapata kurudia zilizoshindwa, na huhitaji kujifunza kulea mtambo mwingine. Matukio mia kadhaa kwa sekunde, PostgreSQL ya kawaida inayamudu. Siku jedwali litakapolemewa, mchukuzi ataelekezwa kwa dalali wa kweli, na msimbo wa wanaotangaza hautaguswa.

Jambo moja dogo kabla ya kurudi kwa abiria: ndani ya tukio uandike nini? Ukiandika namba ya tiketi peke yake, kila msikilizaji atarudi kubisha hodi kuuliza yaliyobaki, na umerudisha mnyororo kwa mlango wa nyuma. Ukiandika kila kitu, kila safu ya hifadhidata yako inageuka kuwa ahadi kwa watu usiowajua. Weka yale ambayo yalikuwa kweli wakati tukio linatokea na ambayo msikilizaji wa kawaida atayahitaji: safari, kiti, kiasi, muda. Ongeza sehemu mpya unavyotaka, usifute wala kubadilisha maana ya zilizopo. Kwa bahasha ya nje, kitambulisho, chanzo, aina na kadhalika, usibuni mpangilio wako. CloudEvents, kanuni ya wazi ya kueleza matukio yenye toleo la 1.0 tangu 2019, imeshaimaliza kazi hiyo.

Kiti namba 14

Kwenye mfumo wetu, kushika kiti kulibaki hodi, ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, na kiti kinashikwa kwa dakika 10. Malipo yalikatwa vipande viwili: kuyaanzisha ni hodi, kwa kuwa abiria anahitaji kujua kama ombi limepokelewa, matokeo yake ni mbiu, kwa kuwa mtoa huduma wa malipo huyaleta anapoyapata, sekunde tatu au dakika nne baadaye. Kutoa tiketi kuko chini ya kiongozi wa saga. Ujumbe wa simu, hesabu na takwimu ni mbiu, na ujumbe wa simu una foleni yake peke yake ili usikae nyuma ya kazi za takwimu siku ya mafuriko. Kiduara kwenye skrini sasa kinazunguka kwa mishale miwili tu.

Ikabaki dakika ya 11. Kiti kimeachiwa baada ya dakika 10, kimeshikwa na mtu mwingine, kisha MalipoYamepokelewa ya yule wa kwanza yanaingia. Pesa ni halali, tukio ni la kweli, haliwezi kukataliwa. Kwenye mfumo wa hodi tupu swali hili halikuonekana, kwa sababu ombi lilikuwa limeshakatwa na pesa ilipotelea kwenye malalamiko ya kesho yake. Kwenye mfumo wa matukio linakaa mbele yako na linadai mstari wa msimbo. Tulikaa na watu wa mauzo, si wahandisi peke yetu, wakaamua: kiongozi aulize kwanza kama kiti kile bado ni kitupu akishike tena, kama kimekwenda, atafute kingine cha daraja lile lile katika safari ile ile na amtangazie abiria KitiKimebadilishwa, kama safari imejaa, atoe RudishaPesa yenye kitambulisho cha malipo yale, ili hata amri hiyo ikifika mara kumi na moja, pesa irudi mara moja tu.